Mikono ya Kwenye Paketi ya Kahawa

Habari ya kufa kwa Ildefons Byabato ilimkuta mkewe Joviana akiwa na utomvu wa ndizi mikononi. Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nane, mwaka 1974, umande ukiwa bado haujakauka kwenye migomba ya Kitendaguro. Alikuwa amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anamenya ndizi za mchana, na aliposikia lori la kampuni ya kahawa linasimama barabarani hakuinua hata kichwa. Alidhani mumewe amerudi mapema kutoka Muleba, na alikuwa amejiwekea moyoni kwamba hata safari hii hatamwuliza lolote.

Dereva Datius hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka nyumba, kofia mkononi, akasimama mbali kidogo na maganda ya ndizi.

"Mama Kokuberwa," alisema, "weka kwanza kisu chini."

Joviana akaweka kisu. Datius akamweleza bila kuzungusha maneno, maana hakujua namna nyingine. Jana alasiri marehemu alikuwa anapiga picha za kalenda ya kampuni katika kijiji kipya cha ujamaa, mbele kidogo ya Muleba. Akashika kifua. Akasema atajilaza kidogo. Wakampa maji, wakatafuta gari la kumpeleka hospitali, na kabla gari halijapatikana alikuwa ameshaitwa na Mungu. Mwili ungefika leo mchana.

"Amefia wapi?" Joviana akauliza.

"Si nimesema, mama, Muleba."

"Nyumba ya nani?"

Datius akaizungusha kofia yake mara mbili. "Kwa mama mmoja anaitwa Alistidia."

Georgina, dada wa marehemu, aliyekuwa jikoni na kusikia yote, alisimulia baadaye kwamba wifi yake hakulia papo hapo. Aliomba jina lile lirudiwe. Liliporudiwa, aliitazama mikono yake myeusi ya utomvu, akaigeuza huku na huku kama mtu anayetazama kitu cha jirani, ndipo akapiga yowe lililowatoa watu mashambani.

Ili msomaji aelewe kwa nini mjane aliuliza nyumba kabla ya kuuliza ugonjwa, lazima turudi nyuma miaka tisa.

Ildefons alizaliwa Kanazi, mtoto wa nne katika nyumba ya Wakatoliki wenye kibanja cha migomba na mibuni. Alisoma shule ya misheni, na huko bruda mmoja mwenye kamera alimfundisha kazi ya picha, kwanza kuosha, kisha kupiga. Mwaka wa Uhuru alifungua studio yake mjini Bukoba, chumba kimoja chenye dirisha kubwa lililotazama ziwa, pazia lenye mnazi wa kuchora ambao mwenyewe aliuchukia, na nyuma yake kichumba cha giza kisichoingiwa na mtu. Aliishi kwa picha za ndoa, za ubatizo, za vitambulisho. Alikuwa mtu mpole, wa maneno machache, mwenye kutazama kitu mpaka kikaona aibu. Kila Jumapili alikaa benchi la tatu upande wa wanaume, na kila Jumapili alipokea komunyo.

Mwanzoni mwa mwaka 1965 alijiwa na mtu anayeitwa Kagaruki, ofisa mauzo wa kampuni moja ndogo iliyokuwa imeanza kukaanga kahawa na kuifunga kwenye paketi. Kahawa yao waliiita Mgeni. Shida ya Kagaruki ilikuwa moja: kahawa ilikuwa nzuri lakini haikuwa na sura. Leo ilitoka kwenye mfuko wa kaki, kesho kwenye mfuko wa buluu, na mtu aliyeipenda juzi hakuweza kuitambua leo. Alitaka picha moja, picha hiyohiyo ikae kwenye paketi, kwenye kalenda, kwenye kibao cha duka na ubavuni mwa lori, ili hata mtu asiyejua kusoma, awe Mwanza au Dodoma, aingie dukani na kuonyesha kidole tu.

Kagaruki alifikiria uso wa msichana mzuri. Ildefons akamkatalia. Alisema uso una mwenyewe. Uso unaolewa, unagombana, unazeeka, na siku moja mwenye uso atakuja kusema haitaki kampuni yenu. Yeye alipendekeza mikono miwili tu, imeshika kile kikapu kidogo ambacho kila nyumba ya Kihaya humkaribishia mgeni, chenye kahawa ya kutafuna ndani yake. Mtu wa huku akikiona atajua amekaribishwa. Mtu wa mbali asiyejua desturi ile ataona tu kwamba kuna anayempa kitu kwa mikono miwili, na hilo halihitaji kufafanuliwa.

Kagaruki akapenda. Na Ildefons, alipofika nyumbani, akamwambia mkewe anataka mikono yake.

Joviana aliikumbuka siku ile mpaka mwisho wa maisha yake. Aliisugua mikono kwa limau na majivu tangu alfajiri. Alikwenda studio na kikapu alichosukiwa na mama yake mzazi siku za harusi, chenye mstari mmoja mweusi karibu na mdomo. Mumewe alimketisha dirishani, akaligeuza pazia la mnazi lisionekane, akapiga picha sita. Katikati alisimama akamwambia, "Usishike kama unayeuza. Shika kama mgeni ameshakaa." Joviana akacheka, akashika vile. Alirudi nyumbani akijua kwamba mikono yake itakwenda mpaka Dodoma.

Wiki mbili baadaye Ildefons alisema filamu imeharibiwa na dawa. Alisema akiwa amempa mgongo, anavua viatu. Neno lile lilimkwama Joviana. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kusikia filamu ya mumewe imeharibiwa na dawa. Kisha Ildefons akakiazima kikapu kile, akakaa nacho siku tatu, akakirudisha.

Mwezi wa sita paketi zikatoka. Picha ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote kilichowahi kupigwa mjini Bukoba. Mwanga wa dirisha ulianguka kwenye mikono miwili myembamba, laini, yenye vidole virefu, na mikono ile ilikuwa imeshika kikapu chenye mstari mmoja mweusi karibu na mdomo.

Kikapu chake. Mikono ya mwingine.

"Wifi," Georgina alimwambia siku hiyo, akiishika paketi karibu na macho, "huyu mwenzako anapaka nini? Kwangu hata samli haifanyi hivi."

Joviana hakucheka. Jioni alimwuliza mumewe mikono ile ni ya nani. Ildefons akasema ni ya kampuni. Akamwuliza tena siku ya pili, akajibiwa hivyo hivyo. Siku ya tatu Ildefons alimtazama kwa macho ya mtu anayeumwa, akasema, "Joviana, usiniulize. Nimefungwa." Hakusema amefungwa na nini.

Kuanzia Pentekoste ya mwaka ule, Ildefons aliacha kupokea komunyo. Alikaa benchi lake la tatu, wenzake wakasimama kwenda mezani kwa Bwana, yeye akabaki amepiga magoti, kichwa kimeinama. Joviana alimwona kutoka upande wa wanawake Jumapili baada ya Jumapili. Mkatoliki mwenye ndoa asiyekomunika miezi sita, mwenye afya, asiye mlevi, watu humtafutia sababu moja tu. Joviana naye akaitafuta hiyohiyo, na hakuhitaji kwenda mbali, kwa kuwa alikuwa nayo jikoni, kwenye paketi. Noeli ilipofika Ildefons alirudi mezani. Mkewe hakusema amesamehewa. Alisema moyoni kwamba sasa amejua kuficha.

Picha ile ilifanya kazi iliyotumwa. Watu waliacha kuiita kahawa Mgeni, wakaiita kahawa ya mikono. Baada ya Azimio la Arusha kampuni ilichukuliwa na serikali, na wakubwa wapya wakaona mikono ile ina harufu ya ubwana, wakaweka picha ya jembe. Miezi minne tu. Wenye maduka walirudisha makatoni wakisema wateja hawaitaki kahawa ngeni, wanataka ileile. Mikono ikarudishwa, na Ildefons akapewa kazi ya kudumu ya kupiga picha za kampuni: mashamba, viwanda, wanakijiji wakichuma, na kila mwisho wa mwaka kalenda. Juu ya kila picha, kwenye kona ya kushoto, aliagiza mikono ile iwekwe kwa ukubwa uleule, wala asikubali isogezwe hata kidogo.

Kwa hiyo Joviana aliishi nayo. Ilikuwa kwenye ukuta wa ofisi ya paroko. Ilikuwa ubavuni mwa lori lililomshusha mumewe nyumbani. Dukani alinunua chumvi akiipa mgongo. Nyumbani paketi ilikaa rafuni, na kila ilipowekwa ikitazama mbele, Joviana aliigeuzia ukutani. Watoto walizoea, wakadhani ndivyo kahawa inavyowekwa. Lakini alikuwa ameshaitazama mno. Aliijua kuliko alivyojua mikono ya dada zake. Alijua kwamba ukucha wa kidole cha shahada cha kushoto una alama, nukta nyeusi ndogo kama punje ya ulezi, na chini yake ufa mwembamba ulioshuka mpaka kwenye nyama. Huenda hakuna mtu mwingine katika Tanzania nzima aliyewahi kuiona nukta ile.

Na tangu mwaka 1968 zikaanza safari za Muleba. Mara mbili kwa mwaka, mara tatu. Ildefons alikwenda na kamera, akarudi na kamera, pamoja na shati jipya lililoshonwa vizuri, au gauni la mtoto lenye mikunjo ya kifuani iliyotaka uvumilivu. Joviana aliipima mikunjo ile kwa vidole. Nani anakaa anamshonea mume wa mtu mikunjo kama hii? Hakuuliza. Alikunja akaweka sandukuni.

Sasa mumewe alikuwa amefia Muleba, nyumbani kwa mama anayeitwa Alistidia.

Mwili ulifika saa nane mchana. Nyasi zilikuwa zimeshatandazwa sebuleni, na wanawake wamekaa chini wamejaa mpaka mlangoni. Joviana alikaa karibu na jeneza, rozari mkononi, na kila aliyekuja kumpa pole alimshika mikono yote miwili, kama ilivyo desturi. Waombolezaji walidhani mjane ameinamisha macho kwa huzuni. Georgina peke yake, aliyekaa ubavuni pake, ndiye aliyegundua kwamba wifi yake hatazami chini. Anatazama mikono. Kila mkono ulioletwa aliugeuza kidogo, akakiangalia kidole cha shahada cha kushoto, akauachia.

"Unafanya nini?" Georgina akamnong'oneza.

"Namtafuta."

"Wifi, mbele ya marehemu?"

"Kwa sababu ya marehemu. Georgina, nisikilize. Kesho sitatia udongo."

Georgina akamgeukia. Mjane kukataa kumtupia mumewe udongo kaburini ni kumtangaza mbele ya ukoo na mbele ya Kanisa kwamba amekwenda hali hawajapatana. Watoto hubaki na jambo hilo maisha yao yote. Alimsihi. Alimkumbusha binti yake Kokuberwa, aliyekuwa kidato cha pili, ambaye siku moja angeolewa na watu watakaouliza. Joviana alisema hana hasira, ila hawezi kumuaga mtu asiyemjua. Akionyeshwa mwenye mikono ile na kuambiwa ukweli, hata uwe mbaya kiasi gani, atatia udongo na atamwombea. Asipoonyeshwa, atasimama pale mikono ikiwa nyuma.

Saa kumi akaingia mwanamke mrefu, mwenye kitambaa cheusi kichwani, amechoka kwa safari. Akapita kati ya watu, akapiga magoti mbele ya Joviana.

"Pole, dada yangu. Mimi ndiye Alistidia."

Vichwa vikageuka sebule nzima, maana jina lilikuwa limeshatembea. Joviana akanyoosha mikono. Akaipokea mikono ya Alistidia, akaishika muda mrefu kuliko yote aliyoishika siku ile. Ilikuwa mipana, migumu, yenye sugu za jembe kwenye kila kiungo, na kidole cha shahada cha kushoto kilikatika zamani kwenye kiungo cha kwanza. Hakikuwa na ukucha kabisa.

Joviana akaiachia kama aliyeungua.

Ungetegemea angepata nafuu. Badala yake shaka ilimpanda zaidi. Basi siye huyu. Basi huyu ni mlango tu, na nyuma yake yuko mwingine. Akamwuliza Alistidia kwa sauti ya chini kama anaye dada, kama anaye binti mkubwa, nani katika nyumba ile anashona nguo. Alistidia akamtazama, akaona kwamba haya si maswali ya mfiwa. Akajibu kwamba anayeshona ni mume wake, Mushumbusi, na kwamba yuko nje na wanaume. Kisha akauliza naye, kwa upole, kwa nini anaitazama mikono yake hivi.

Georgina ndiye aliyejibu, kwa kuwa alikuwa amechoka kuogopa peke yake. Alimwambia habari ya paketi, na habari ya udongo. Alistidia aliinuka, akatoka nje.

Haikupita nusu saa akawaita wao wawili jikoni, kibanda kilichokuwa nyuma ya nyumba. Huko walimkuta mwanamume mfupi, wa miaka kama arobaini na mitano, kanzu yake safi, kitu bapa kilichofungwa kitambaani kwapani mwake. Alisema jina lake. Alisema yeye ni Mlutheri, fundi cherehani, na kwamba zamani, kabla ya kuhamia Muleba, mashine yake ilikuwa kwenye baraza lililopakana na studio ya marehemu.

"Shemeji," alisema, "mke wangu amenieleza. Nina maneno ambayo niliapa kutoyasema. Mimi na marehemu tulichanjiana."

Joviana alijua maana yake. Wazee huita omukago: wawili wanachanjana karibu na kitovu, wanatia damu kwenye punje za kahawa, kila mmoja anameza ya mwenzake, na tangu hapo ni ndugu kuliko wa tumbo moja. Anayevunja neno, husemwa, tumbo huvimba mpaka limuue. Kanisa lilikataza. Mapadri walikataza na wachungaji walikataza.

"Mlichanjiana kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mikono hii," Mushumbusi akasema, akaitoa kwenye mikono ya kanzu.

Jikoni mlikuwa na mwanga wa mlango tu, lakini ulitosha. Vidole virefu. Ngozi laini ya mtu ambaye hajashika jembe tangu utoto. Na kwenye ukucha wa kidole cha shahada cha kushoto, nukta nyeusi kama punje ya ulezi, na chini yake ufa. Sindano ya cherehani, alieleza, ilipita hapo alipokuwa anajifunza kazi.

Georgina alijikuta amekaa kwenye kigoda. Joviana hakukaa. Alikuwa ameishi na shaka miaka tisa, nayo haikuwa tayari kumtoka kwa ajili ya ukucha mmoja. Mtu anaweza kutumwa. Mtu anaweza kujitoa kumfichia rafiki yake mwanamke. Akamwita Kokuberwa, akamwagiza kile kikapu, akatia ndani konzi ya kahawa, akampa Mushumbusi.

"Shika."

Mushumbusi akaangalia mlangoni kama kuna wanaume wanaomwona. Kisha akashika kikapu kwa mikono miwili, akakinyoosha mbele kidogo, kidole gumba cha kulia kikiwa juu ya ule mstari mweusi, na kile cha kushoto kimejificha. Hivyohivyo. Kama unavyokiona mpaka leo kwa wenye maduka waliohifadhi paketi za zamani.

"Alikuambia ushikeje?" Joviana akauliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Aliniambia nisishike kama ninayeuza. Nishike kama mgeni ameshakaa. Alisema hajui kusema hivyo vizuri kama alivyosema mara ya kwanza."

Hapo Joviana akakaa.

Mushumbusi aliendelea huku amekishika kikapu, kana kwamba amesahau kukiweka. Filamu haikuharibika. Picha sita zilitoka zote, na Ildefons alizipeleka kwa Kagaruki akiwa na furaha ambayo yeye Mushumbusi hakuwahi kumwona nayo. Kagaruki akazikataa. Alisema ni mikono ya kazi, imepasuka, ina utomvu kwenye mistari, mnunuzi wa mjini atajiuliza kama kahawa yenyewe imeoshwa. Ildefons alimwambia ndiyo mikono inayoilima kahawa hiyo. Kagaruki akasema anajua, ndiyo maana hataki kuwaonyesha. Akaletewa mikono ya wanawake wengine wanne, akaikataa kwa sababu ileile, kwa kuwa hapakuwa na mwanamke Bukoba yote asiyemenya ndizi. Mwisho Kagaruki mwenyewe, alipokuja kuchukua suruali yake kwa fundi wa jirani, akaona anachokitafuta kinapitisha uzi kwenye sindano.

"Kampuni iliogopa kuchekwa. Mimi niliogopa zaidi. Mwanamume anayemkaribisha mgeni kahawa kama bibi harusi, Tanzania nzima? Ningehama nchi. Nilimwambia sifanyi mpaka tuchanjiane, asimwambie mtu, hata mke. Alijua ni dhambi. Akakubali, akakaa miezi bila kukomunika mpaka alipopata ujasiri wa kuungama."

"Angeweza kuniambia kwamba yangu imekataliwa," Joviana alisema. "Hilo halikuwa kwenye kiapo."

"Nilimwambia hivyo. Akanijibu, 'Nikimwambia mikono yake imekataliwa, kesho atanipakulia chakula kwa mikono gani?'"

Alistidia, aliyekuwa amesimama mlangoni, akamwambia mumewe aongeze na habari ya tumbo, ili shemeji ajue anachofanya. Mushumbusi akasema haina haja. Kisha akaisema hata hivyo. Waliapa kwamba kati yao wawili hakuna atakayelitoa jambo lile, na atakayelitoa tumbo limuue. Lakini mwenzake amelala kule sebuleni hawezi kujitetea, na yuko karibu kuzikwa na aibu isiyo yake. "Tumbo likivimba, livimbe."

Akafungua kitambaa. Ndani mlikuwa na picha kwenye fremu ya mbao, kioo chake kimefifia kwa moshi. Mikono miwili minene, yenye mistari myeusi ya utomvu ambayo limau haikuweza kuiondoa, imeshika kikapu. Alisema ilikaa juu ya cherehani yake miaka yote. Marehemu aliogopa kuiweka nyumbani ikamletea maswali, na kila alipofika Muleba alikaa mbele yake kwanza, kabla ya kuomba hata maji. Jana pia. Mara ya mwisho alilazwa akiitazama.

Joviana aliishika picha ile muda mrefu. Hakusema ni nzuri. Alisema, "Miaka tisa mlimeza kahawa ninyi, uchungu nikaumeza mimi." Mushumbusi akainamisha kichwa. Joviana akachukua kikapu mikononi mwake, akakitazama, kisha akakinyoosha tena kuelekea kwake na kwa mkewe. Wakachukua punje moja moja, wakatafuna.

Ildefons Byabato alizikwa kesho yake, Ijumaa, saa tano asubuhi, kibanjani mwake, chini kidogo ya mibuni aliyoipanda mwenyewe. Misa ilisomwa na paroko. Kwaya ya kigango ilikuja, na wafanyakazi wa kampuni walikuja na lori, wakaliegesha mbali kwa sababu njia ilikuwa nyembamba. Kagaruki alikuwepo, akasimama nyuma. Wazee wa ukoo walikuwa wamehoji kwa nini Mlutheri asiye wa ukoo abebe jeneza, Joviana akasema abebe, nao hawakuuliza zaidi. Mushumbusi akabeba mbele kushoto.

Padri alibariki kaburi kwa maji ya baraka. Wakaitikia Raha ya milele umpe ee Bwana, na mwanga wa milele umwangazie. Jeneza likashushwa kwa kamba. Padri akatupa udongo, kisha akamtazama mjane. Joviana akasogea. Hakuwa amenawa kwa limau. Akainama, akachota udongo kwa mikono yote miwili, akaumimina polepole, akarudi nyuma akasimama karibu na binti yake. Wakafuata watoto, Georgina, ndugu wa ukoo, kisha Mushumbusi na Alistidia. Wanaume wakachukua majembe, wakajaza kaburi, wakasimika msalaba wa mbao wenye jina lake na miaka yake. Watu wakarudi nyumbani kula.